KUITHAMINI NYUMBA YA MIRATHI: JUA KWANZA, NDIPO USAMEHE

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mrithi wa ardhi na vilivyo juu yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa mas'ala yanayoletwa sana katika misikiti ya mji wetu, kuanzia Feri na Kivukoni hadi Gerezani na Kariakoo, ni hili la nyumba ya marehemu. Mzee amefariki, ameacha nyumba moja ndogo ya vyumba sita, imebanana na nyumba za majirani kulia na kushoto. Mafungu ya warithi hayana matata. Mwenyezi Mungu ameyagawa mwenyewe katika Suratun-Nisaa, na mwanafunzi aliyehifadhi Rahabiyya huyatoa bila ya kufungua kitabu. Linalobaki ni swali moja ambalo halimo ndani ya mafungu: nyumba hii ni shilingi ngapi?

Hapo ndipo ndugu wanapogombana, na hapo ndipo dhulma inapopenya. Thumuni ya mjane ni thumuni. Hakuna awezaye kuigeuza kuwa sehemu ya tisa. Lakini mwenye kuishusha thamani ya nyumba ameshaila thumuni hiyo bila ya kuigusa aya. Aya ya 7 ya sura hiyo imesisitiza kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali ikiwa chache au nyingi. Basi yatupasa tujue namna ya kuipima mali yenyewe kabla ya kuigawa.

THAMANI, BEI NA KIMA

Neno letu "thamani" limetoka katika Kiarabu, thaman. Lakini kwa mafakihi, thaman ni kile walichoafikiana muuzaji na mnunuzi, yaani bei. Kile tunachokiita sisi thamani, wao hukiita qima, na neno hilo limebaki kwetu katika "kima", kama tusemavyo kima cha chini cha mshahara. Tofauti hii si ya lugha tu. Bei hutokana na maafikiano ya watu wawili, ambao waweza kupunguziana au kuzidishiana watakavyo. Kima ni sifa ya kitu chenyewe sokoni: ni kile ambacho watu wenye kukihitaji kitu mfano wa hicho, mahali hapo na siku hiyo, wangekitoa bila ya kulazimishwa wala kudanganywa. Hiki ndicho kiitwacho qimatul-mithl, thamani ya mfano.

Mahali na siku ni sharti. Anayekwenda Feri alfajiri anaona jodari akinadiwa kwa bei fulani. Saa sita mchana samaki yule yule ana bei nyingine, na akifika Kariakoo ana bei ya tatu. Hakuna aliyedanganya. Nyumba nayo iko hivyo, isipokuwa mabadiliko yake ni ya miaka, si ya saa.

DALILI ZAKE KATIKA SHERIA

Asili ya uthamini ni hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, juu ya mtu aliyeacha huru fungu lake katika mtumwa wa ubia. Mtume (s.a.w.) aliamuru mtumwa huyo akadiriwe kima cha uadilifu, na washirika wapewe thamani ya mafungu yao, katika mapokezi ya Muslim imeongezwa kuwa kima hicho kisiwe cha kupunja wala cha kupindukia. Wanazuoni wamechukua kutoka hapa kwamba fungu la mshirika katika kitu kisichogawanyika hupatikana kwa kukadiria kitu kizima kwa uadilifu, kisha kila mmoja apewe sehemu yake.

Dalili ya pili ni kazi ya Abdullah bin Rawaha (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtuma Khaybar kukadiria tende zikiwa bado mitini. Imo katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Mayahudi wa Khaybar walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie, naye akayakataa akayaita haramu. Na imo humo pia kwamba akishakadiria alikuwa akiwapa hiari: wakitaka wachukue wao kwa makadirio yale, na wakitaka achukue yeye. Msomaji aishike sana hiari hii, tutairudia. Mthamini mwadilifu ni yule ambaye hajali awekwe upande gani wa mizani, kwa sababu pande zote mbili ni sawa.

Dalili ya tatu ni katazo la kuwawahi wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Muslim, aliyenunuliwa mali yake njiani ana hiari ya kuvunja mauzo akifika sokoni. Sababu ni kwamba mnunuzi anaijua bei ya soko na muuzaji haijui. Ndugu msomaji, mtazame dada aliyeolewa Rufiji au Kilwa, hajafika Kariakoo miaka kumi. Kaka yake aliyekulia mtaa huo anamfuata huko na fedha mkononi ili amnunue fungu lake. Tofauti yake na yule wa misafara ni ipi, isipokuwa kwamba huyu ni ndugu wa damu na dhulma yake ni nzito zaidi?

Dalili ya nne ndiyo iliyo karibu kabisa na maudhui yetu. Bukhari amepokea katika mlango wa shuf'a kwamba Abu Rafi' (r.a.) alikuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la nyumba ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), akamtaka Saad avinunue. Saad akasema hatazidisha juu ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamwambia kuwa ameshapewa ahadi ya dinari 500, na lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake, asingempa kwa elfu nne. Akampa. Dinari 500 kwa hesabu ya dirhamu kumi kwa dinari ni dirhamu 5,000, kwa hiyo Abu Rafi' alisamehe elfu nzima. Lakini alisamehe kilicho chake, na alisamehe baada ya kuzijua bei zote mbili na kuzitamka mbele ya mnunuzi. Huu ndio utaratibu wa msamaha baina ya ndugu: jua kwanza, ndipo usamehe. Asiyejua alichonacho hakusamehe; amechukuliwa.

KARIAKOO: NI KITU GANI KINACHOTHAMINIWA?

Kosa kubwa katika nyumba zetu ni kuthamini kisichokuwa nyumba, au kuacha kuthamini kilicho kikubwa ndani yake. Kariakoo ilikuwa shamba kabla Serikali ya Wajerumani haijaichukua, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya mji wa Waafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na kwa ulimi wetu ikawa Kariakoo. Baada ya vita viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, vidogo vidogo, na wazee wetu wakajenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Kuta za miti na udongo, paa la makuti, baadaye bati.

Lilipofunguliwa jengo la soko mwaka 1975, na zaidi baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1980, mitaa kama Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Aggrey na Narung'ombe ikawa kivutio cha wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Nyumba nyingi za udongo zimetoka, maghorofa yamesimama. Nyumba iliyobaki ya vyumba sita yaweza kuwa na ukuta wenye nyufa na bati lenye kutu, na bado kiwanja chake kikawa na thamani mara nyingi ya ukuta na bati. Anayeleta fundi ahesabu matofali na mabati akasema "nyumba yenyewe imechakaa, haifiki milioni kadhaa" ameuthamini mfuko, ameiacha fedha iliyomo.

Hapa huzuka swali: vipi turithi na kuthamini ardhi, na hali Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imesema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini? Jawabu ni kwamba mwananchi anamiliki haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda wa hati, ambao huweza kuwa miaka 33, 66 au 99. Na sheria hiyo hiyo imekiri kuwa haki hiyo ina thamani. Kwa madh-hab ya Imam Shafi'i manfaa ni mali na hurithiwa, kwa hiyo hakuna mgongano. Lakini mthamini atazame hati: miaka mingapi imebaki, jina la nani limeandikwa, kodi ya ardhi inadaiwa kiasi gani. Hati iliyobakiza miaka michache si sawa na iliyobakiza mingi.

Na kabla ya yote hayo, ithibitishwe ni kiasi gani cha nyumba kilicho cha marehemu. Ikiwa mke alinunua bati au alichangia kiwanja kwa mali yake, kwa nia ya kumiliki na si ya kumpa mumewe zawadi, basi sehemu hiyo ni yake na haiingii katika mirathi. Thumuni yake atapewa katika kinachobaki, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi thuluthi.

SIKU YA KUTHAMINI

Warithi humiliki kwa kufariki mwenye mali, si kwa kugawanywa. Tangu saa hiyo kila mmoja ana sehemu yake katika kila tofali, na chochote kitakachoongezeka ni chao wote kwa kadiri ya mafungu. Kwa hiyo mzee akiwa amefariki mwaka 2003, na nyumba inagawanywa leo, haijuzu kuwalipa wenzio kwa thamani ya 2003. Thamani itazamwe siku ambayo fungu linatoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na vivyo hivyo kodi ya vyumba iliyopokewa miaka yote hiyo: aliyeipokea ana hesabu ya kutoa, atapunguza alichokitumia kwa matengenezo kwa idhini ya wenziwe, na kinachobaki ni cha warithi wote.

NAMNA YA KUIFIKIA THAMANI

Wathamini hutumia njia tatu, na zote zina asili katika maneno ya mafakihi juu ya mfano, manfaa na gharama. Tuchukue mfano wa kufundishia, si bei ya mtaa wowote: nyumba iliyo katika kiwanja cha mita 12 kwa 20, yaani mita za mraba 240.

Njia ya kwanza ni kulinganisha na mauzo ya jirani. Hutafutwa nyumba mbili au tatu zilizouzwa karibuni katika mtaa huo, na hutazamwa kilicholipwa kweli, si kilichotangazwa. Tuseme ya kwanza ina mita 250, iliuzwa milioni 500: milioni 2 kwa kila mita. Ya pili ina mita 200, iliuzwa milioni 480: milioni 2.4 kwa mita, lakini iko pembeni mwa njia mbili, na nyumba ya kona huwa na maduka pande mbili. Ya tatu ina mita 240, iliuzwa milioni 408: milioni 1.7 kwa mita, lakini mwenyewe alikuwa akifukuzwa na deni. Mauzo ya dhiki si mfano, na kona si mfano wa nyumba ya katikati. Inabaki ya kwanza: milioni 2 kwa mita 240 ni milioni 480.

Njia ya pili ni mapato. Tuseme vyumba na fremu ya barazani huingiza milioni 24 kwa mwaka, na matengenezo na kodi za serikali huchukua milioni 4, inabaki milioni 20. Ikiwa wanunuzi wa mtaa huo huridhika na nyumba inayowarudishia asilimia 5 kwa mwaka, thamani ni milioni 400. Baadhi ya watu husita wakiona asilimia, wakidhani ni riba. Si riba. Hakuna mkopo hapa wala ziada juu ya deni. Ni kipimo cha uhusiano wa kodi na bei, na kichukuliwe katika kodi za nyumba za mtaa, si katika riba ya benki.

Njia ya tatu ni gharama: kuta na paa kama vingejengwa leo, kupunguza uchakavu, kisha kuongeza thamani ya kiwanja. Njia hii hufaa kwa jengo lisilo na soko, kama msikiti au madrasa. Kwa nyumba ya Kariakoo ni shahidi tu, na mwenye kuitumia akaacha kuongeza kiwanja ndiye tuliyekwisha kumtaja.

Mbona njia ya kwanza imetoa 480 na ya pili 400? Kwa sababu mnunuzi hanunui kodi ya leo peke yake. Ananunua na uwezo wa kiwanja kubeba ghorofa kesho. Kima hufuata matamanio ya watu sokoni, na matamanio hayo ni ya kweli maadamu sheria za mipango miji zinaruhusu. Basi 480 ndiyo yenye nguvu.

Kuna mambo manne ya kuangaliwa juu ya hesabu hiyo. Moja, ofa za kupanga. Dalali anayeleta mtu atamke bei kubwa ili kumvuta mnunuzi amefanya najash, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataza katika hadithi ya Ibn Umar, na anayepanga mtu atamke bei ndogo ili kuwakatisha tamaa warithi ni ndugu yake. Pili, mpangaji wa fremu. Kwa Shafi'i na jumhuri ya wanazuoni, ijara haivunjiki kwa kufa mwenye nyumba. Akiwa amelipa kilemba na muda wa mkataba wake haujaisha, mnunuzi ataipata nyumba ikiwa na mpangaji ndani, na hilo litazamwe katika thamani. Baraza la Fiq-hi la Kimataifa lilijadili kilemba katika kikao chake cha nne huko Jeddah mwaka 1988, na limetofautisha baina ya kilicholipwa ndani ya muda wa mkataba na kinachodaiwa baada ya muda kwisha: cha pili hakina msingi. Tatu, gharama za mauzo. Ujira wa dalali na kodi za kuhamisha hupunguzwa ikiwa nyumba inauzwa nje kweli. Mrithi anayebaki na nyumba hana haki ya kuwakata wenziwe ujira wa dalali asiyekuwepo. Nne, sarafu. Thamani itajwe kwa fedha ya nchi, ambayo kila mrithi anaielewa.

NANI ATHAMINI?

Imam Nawawi katika Minhaj ameshurutisha kwamba mgawaji anayewekwa na kadhi awe mwadilifu, ajuaye vipimo na hesabu; na ikiwa mgawo una uthamini ndani yake, basi ni lazima wawe wawili. Hekima yake iko wazi: upimaji wa kamba hauna maoni, lakini uthamini ni ijtihadi, na ijtihadi ya mtu mmoja ni dhaifu. Wafafanuzi wameeleza kuwa wakimchagua wenyewe washirika, masharti hulegea, kwa kuwa huyo ni wakala wao.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, kwa hiyo wako watu waliosoma fani hii na kusajiliwa. Kuwatumia ni katika kurejea kwa ahlul-khibra. Gharama yao itoke katika mali ya wote, si mfukoni mwa anayetaka kubaki na nyumba, maana anayemlipa mpiga ngoma ndiye achaguaye ngoma. Familia isiyo na uwezo wa wawili ichukue mmoja aliyesajiliwa, na pamoja naye mzee mwaminifu wa mtaa ajuaye mauzo ya jirani. Imamu wa msikiti asithamini kwa macho akitoka kuswalisha; kazi yake ni kuhakikisha kila mrithi ameisikia thamani na dalili yake.

HESABU YA FAMILIA MOJA

Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni. Saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume kwa mafungu ya wanawake wawili: wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni matatu, jumla saba. Kwa hiyo mas'ala ni ya nane: mke 1, kila mwana 2, kila binti 1.

Kwa thamani ya milioni 480, fungu moja ni milioni 60. Mjane ana milioni 60, kila binti 60, kila mwana 120. Kaka mkubwa akitaka kubaki na nyumba, atalipa milioni 360. Sasa tuseme ameleta fundi, ikaandikwa milioni 80. Fungu moja limekuwa milioni 10. Atawalipa wote milioni 60 na kuichukua nyumba ya milioni 480. Mafungu ya Qur'ani yamefuatwa kwa ukamilifu, karatasi ni safi, mashahidi wametia saini, na milioni 300 za mama yake, dada zake na mdogo wake zimo mfukoni mwake. Watu hutoka hapo wakisema wamegawana kisheria.

Dawa yake ni hiari ya Ibn Rawaha. Aulizwe kaka huyo: kwa milioni 80 hizo, uko radhi dada zako wakulipe wewe milioni 20 kwa mafungu yako mawili, wao wakabaki na nyumba? Akikubali, ameamini makadirio yake. Akikataa, ameshatoa ushahidi dhidi ya nafsi yake.

MSIMAMIZI, YATIMA NA MWENYE KUKAA NDANI

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni mwenye amana. Katika mahakama ya mwanzo hutakiwa awasilishe ndani ya miezi minne orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya ugawaji. Watu wengi huandika hapo thamani yoyote, wakiona ni karatasi tu. Karatasi hiyo ni ushahidi, hapa na Siku ya Kiyama.

Mafakihi wamesema wakala wa kuuza hana ruhusa ya kuuza kwa upunjaji wa kupindukia, wakatolea mfano: kitu cha kumi kikiuzwa tisa huvumiliwa, kikiuzwa nane hakivumiliwi. Wala hajiuzii mwenyewe. Msimamizi ambaye ni mrithi na anaitaka nyumba asisimame pande zote mbili za mkataba. Akae upande wa mnunuzi, na warithi wenziwe, au mwakilishi wao, wakae upande wa muuzaji.

Akiwepo yatima, mlango ni mwembamba zaidi. Nyumba yake haiuzwi isipokuwa kwa haja, kama chakula na matibabu yake, au kwa faida iliyo wazi, kama kupatikana mnunuzi anayezidisha juu ya thamani ya mfano na ikawezekana kununuliwa mali kama hiyo kwa chini ya hapo. Yatima hana uwezo wa kusamehe, na hakuna awezaye kumsamehea. Onyo la aya ya 10 ya Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma ni kuwa wanakula moto matumboni mwao. Na thamani ya uongo ni mlo ule ule.

Ama mama anayekaa ndani, kutaka thamani ya haki kusiwe ni kumtoa barabarani. Watoto wanaoweza kumsubiri, au kumwachia chumba katika mafungu yao, wafanye hivyo kwa wema wao. Lakini wema huo usitumike kumwambia mama kuwa "wewe una chumba, fungu la nini?" Chumba alichoazimwa si thumuni aliyopewa na Mola wake.

IKIWA HAIGAWANYIKI

Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki kwa wengi. Nawawi ametolea mfano hamamu ndogo na kinu kidogo: anayetaka vigawanywe hakubaliwi, kwa sababu manfaa hupotea. Na ametaja mwenye sehemu ya kumi ya nyumba isiyofaa kukaliwa peke yake: yeye hawezi kuwalazimisha wenziwe wagawane, ijapokuwa wao wanaweza kumlazimisha. Zinabaki njia nne. Ya kwanza ni kuuza na kugawana fedha. Hii kwa Malik na Ahmad mshirika hulazimishwa akiitaka mwenzake, na kwa Shafi'i halazimishwi. Ya pili ni mmoja kuwanunua wenziwe, ambayo ni takharuj; mfano wake ni Tumadhir, mke wa Abdul-Rahman bin Awf (r.a.), aliyetoka katika mirathi kwa kupewa fedha badala ya robo ya thumuni yake, kwani wake walikuwa wanne. Ya tatu ni kukodisha na kugawana kodi, na kwa Shafi'i wakizozana kadhi huikodisha kwa niaba yao.

Ya nne ni ya zama zetu: kumpa mjenzi kiwanja ainue ghorofa, familia ipate sehemu. Hapa pia kiwanja kithaminiwe kwanza, kijulikane ni mtaji wa kiasi gani, na sehemu ya familia iandikwe kwa mita na kwa ghorofa, si kwa maneno ya "mtapata chenu". Ghorofa ya chini yenye maduka haiwi sawa na ya tano. Wakigawana, mafungu yasawazishwe kwa thamani, si kwa idadi. Na uimara wa jengo ni sehemu ya thamani yake: tuliona Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likiporomoka na roho za watu kupotea. Ghorofa isiyo salama ni madhara juu ya jirani, na madhara hayana nafasi katika Uislamu.

KWA UFUPI

Ndugu zangu maimamu na wanafunzi, likija mbele yenu mas'ala ya nyumba, msianze na mafungu. Ulizeni kwanza: Kilicho cha marehemu ni kiasi gani? Hati inasemaje? Thamani ni ya siku gani? Nani wameithamini, na nani amewalipa? Imelinganishwa na mauzo yapi? Je, aliye mbali ameisikia? Je, anayeitaka nyumba yuko radhi kuiuza kwa thamani hiyo hiyo? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya warithi wote, kisha mafungu yatoke.

Na jueni kwamba kwa madh-hab yetu mtu mzima akishauza fungu lake kwa ridhaa, upunjaji peke yake, bila ya hila wala kasoro iliyofichwa, haumpi hiari ya kurudi. Mlango wa kumwokoa mjane na dada uko kabla ya saini, na mara nyingi aliyeushika ni imamu. Baada ya hapo akitaka kusamehe nusu ya fungu lake, au lote, kwa mapenzi ya ndugu zake, na asamehe. Hiyo ni ihsani na malipo yake yako kwa Mola wake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.